Tairi la Theluji na Tope la Masika

Katika ubavu wa baadhi ya matairi yanayoingia nchini kutoka nchi za baridi kuna alama ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima huo imechorwa chembe ya theluji. Mtu wa Tengeru aionapo alama hiyo kwa mara ya kwanza ana sababu ya kuufikiria Mlima Kilimanjaro, ambao asubuhi isiyo na mawingu huonekana upande wa mashariki, nao una vilele vitatu: Kibo, Mawenzi na Shira. Hata hivyo alama hiyo haihusiani kabisa na Kilimanjaro. Ilianzishwa Marekani na Kanada mwaka 1999 ili kumjulisha mnunuzi kwamba tairi limejaribiwa juu ya theluji iliyoshindiliwa, na kwamba nguvu yake ya kuvuta imezidi ile ya tairi maalumu la kulinganishia kwa asilimia 10 au zaidi.

Matairi hayo hufikaje Arusha? Magari mengi yanayotumika Tanzania hununuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na sehemu za kaskazini za nchi hiyo hupata theluji nyingi kila mwaka. Baadhi ya magari hushushwa bandarini yakiwa bado yamevaa matairi ya majira ya baridi. Mwenye gari huyatazama akaona yana meno mengi, tena yamepigwa chapa ya M+S, ambayo kirefu chake ni tope na theluji. Hapo hujiambia kwamba amepata bahati: masika yakija, gari lake litapanda popote. Mara nyingi imani hiyo humdanganya, na yafaa kueleza kwa nini.

Njia za kupanda Meru

Tengeru ipo chini ya Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, kando ya barabara kuu iendayo kutoka Arusha hadi Moshi. Barabara hiyo ni ya lami. Lakini kutoka hapo zipo njia nyingi za udongo zipandazo katikati ya migomba na mibuni hadi vijiji vya juu. Kwa njia hizo huteremshwa maziwa, ndizi na kahawa. Na siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ni siku za soko la Tengeru, magari madogo hupanda na kushuka yakiwa yamejaa watu na mizigo. Kwa njia hizo pia wagonjwa hupelekwa kwenye hospitali ya Nkoaranga, iliyo mitelemkoni, au huteremshwa kwenda Arusha mjini.

Mitelemko ya kusini na mashariki ya Meru hupata mvua nyingi kuliko ile ya kaskazini na magharibi. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo gari likikwama mchana ni hasara ya muda na ya maziwa. Likiteleza usiku na kuingia korongoni, likiwa na mama anayetaka kujifungua, hasara yake haihesabiki kwa fedha.

Udongo wenyewe una tabia ya pekee. Asili yake ni majivu na mawe ya volkano, ambayo kwa maelfu ya miaka yamevunjika na kuwa udongo mwepesi, wenye rutuba na wenye uwezo mkubwa wa kushika maji. Mkulima huupenda kwa sababu hiyo. Dereva huuogopa kwa sababu hiyo hiyo. Udongo wa majivu ya volkano ukiwa umetulia huweza kuonekana mkavu kiasi na wenye nguvu, lakini ukikandwa na kusuguliwa huyatoa maji uliyoyaficha ndani, ukageuka kuwa laini na wenye utelezi kama sabuni iliyolowa. Gurudumu linalozunguka bila kwenda mbele hufanya kazi hiyo hiyo ya kukanda. Ndiyo sababu dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira huzidi kuharibu mahali alipokwama.

Kiganja kimoja cha ardhi

Watu husahau jinsi sehemu ya tairi inayogusa ardhi ilivyo ndogo. Lichukuliwe gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200. Kila tairi hubeba kilo 300 hivi. Iwapo upepo uliomo ndani una mgandamizo wa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, ambao ni karibu pauni 30 katika kipimo cha mafundi wa matairi, basi eneo linaloshika ardhi ni kama sentimita za mraba 150. Hilo ni kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Gari zima, pamoja na abiria wake wote, hushikiliwa na viganja vinne.

Kazi ya viganja hivyo ni kuleta msuguano. Juu ya lami kavu msuguano ni mkubwa, na hata tairi lililochakaa laweza kuonekana zima. Juu ya lami iliyolowa, mifereji iliyochongwa katika tairi huyapitisha maji pembeni ili mpira ulifikie jiwe. Tairi kipara halina pa kuyapitishia. Gari likienda kasi, maji hujikusanya mbele ya gurudumu, hulinyanyua, na usukani hubaki mwepesi mikononi mwa dereva kama usukani wa mtumbwi.

Juu ya tope mambo ni tofauti. Hapo mpira haulifikii jiwe lolote. Jino la tairi hulazimika kuingia ndani ya tope lenyewe, kulishika kama jembe linavyoshika shamba, na kulisukuma nyuma ili gari lisonge mbele. Tairi lafaa au halifai kwa kadiri linavyoweza kufanya kazi hiyo mara kwa mara, mzunguko baada ya mzunguko, bila kujaa.

Theluji huhifadhiwa, tope hutupwa

Hapa ndipo tairi la theluji na tairi la tope yanapoachana.

Theluji ikikandamizwa hushikana. Watoto wa nchi za baridi huifinyanga ikawa matonge na kurushiana. Mafundi waligundua kwamba theluji hushika theluji kuliko mpira unavyoishika. Kwa hiyo tairi la majira ya baridi hutengenezwa ili lichote theluji, liishindilie katika mifereji yake na kutembea nayo. Tena kila jino huchanjwa mikato myembamba sana, kama chale, ambayo hufunguka tairi linapogusa ardhi na kuuma theluji kwa kingo nyingi ndogo. Kiwanda cha mpira cha mji wa Nokia, nchini Ufini, ndicho kilichotoa mwaka 1934 tairi la kwanza lililobuniwa kwa ajili ya theluji. Lilikuwa la malori. La magari madogo lilifuata mwaka 1936. Baadaye nchi nyingi zilitumia matairi yaliyopigiliwa misumari mifupi ya chuma. Lakini misumari hiyo ilizisaga barabara ikatimua vumbi lililodhuru afya, hata Japani ikatunga sheria ya kuizuia mwaka 1990. Tangu hapo viwanda vya Japani vimetegemea zaidi mpira laini na mikato hiyo mingi. Hayo ndiyo matairi yanayofika Tanzania katika magari yaliyotumika.

Tope haliko hivyo. Tope halishiki tope kwa nguvu ya kuliwezesha gari kupanda mlima. Likijaa katika mifereji na kubaki humo, tairi hugeuka kuwa mviringo laini wa udongo, nalo huteleza sawasawa na tairi kipara. Hivyo tairi la tope lapaswa kuwa na meno makubwa yaliyoachana, mifereji mipana na yenye kina, na mabega yaliyo wazi pembeni, ili tope lililoingia lirushwe nje kabla jino halijarudi tena chini. Mikato myembamba ya tairi la theluji, ambayo ndiyo fahari yake huko kwao, huzibwa na udongo wa Meru katika hatua chache za mwanzo, na tangu hapo haina kazi.

Mkulima wa Akheri au Poli ashukaye shamba wakati wa mvua hahitaji kufundishwa jambo hili. Akivaa kandambili huanguka. Akivaa mabuti yenye meno makubwa hutembea vizuri, lakini kwa hatua kadhaa tu. Udongo hujaa katikati ya meno, mabuti huwa mazito, naye huanza kuteleza tena. Husimama, huchukua kijiti au ubapa wa panga, huukwangua udongo, kisha huendelea. Tairi halina wa kulikwangua. Lapaswa kujisafisha lenyewe kwa kuzunguka.

Na ile chapa ya M+S? Chapa hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kutazama umbo la meno na nafasi zilizo kati yake. Haihitaji tairi lijaribiwe katika tope la aina yoyote. Alama ya mlima wenye vilele vitatu ina jaribio nyuma yake, lakini ni jaribio la theluji. Kwa hiyo kati ya alama hizo mbili hakuna hata moja inayotoa ushahidi juu ya masika.

Mafuta ya nazi katika mwezi wa Julai

Tofauti ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo yenye hatari zaidi. Imo katika mpira wenyewe.

Chupa ya mafuta ya nazi ambayo Tanga ni maji matupu, ikiletwa Tengeru mwezi wa Julai huganda. Mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni joto. Mpira wa matairi nao una tabia inayofanana na hiyo. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto lishukapo chini ya nyuzi 7 hivi za Sentigredi, ukashindwa kujikunja na kushika mashimo madogo ya barabara. Kwa sababu hiyo matairi ya majira ya baridi huchanganywa kwa namna ya kubaki laini hata maji yanapoganda.

Sasa tairi lililochanganywa kwa ajili ya baridi hiyo likitembea katika joto la Arusha, hulegea kupita kiasi. Tengeru, hata usiku wa Julai, joto kwa kawaida hubaki juu ya nyuzi 10. Na mchana wa Februari lami iliyopigwa na jua huweza kupita nyuzi 50. Hapo meno laini yaliyokatwa chale nyingi huyumba na kujipinda kama mguu wa meza uliolegea. Gari huchelewa kuufuata usukani, tairi huliwa upesi, na breki huhitaji umbali mrefu zaidi.

Umbali huo wafaa kupigiwa hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, likifunga breki mahali ambapo msuguano ni sehemu 8 katika 10 za uzito wake, husimama baada ya mita 31 na nusu hivi, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Msuguano ukishuka hadi sehemu 6 katika 10, gari hilo huhitaji mita 42. Mita hizo 10 za ziada ndizo alizosimama mtoto anayevuka barabara. Na kati ya Sakina na Tengeru, ambako barabara kuu ina njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, si madereva wote waendao kwa kilomita 80 tu.

Basi mwenye gari aliyefurahia matairi ya theluji amepoteza mara mbili: juu mlimani hayamsaidii, na chini kwenye lami yanamhatarisha.

Kupanda na kuteremka

Hata tairi lililo bora lina mpaka. Njia inayoinuka mita 1 kwa kila mita 5 hudai msuguano usiopungua sehemu 2 katika 10. Hiyo ni kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Gari linalovutwa na mawili tu, yaliyobeba nusu ya uzito wake, hudai mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu kwenye kilima kimoja gari la magurudumu manne hupita na jingine hubaki likizungusha matairi.

Lakini ushindi huo una mtego ndani yake. Magari yote, yawe yanavutwa na magurudumu mawili au manne, hufunga breki kwa magurudumu manne. Wakati wa kuteremka gari kubwa halina faida juu ya dogo. Uzito wake humsukuma dereva zaidi. Dereva aliyepanda bila shida hudhani kwamba atashuka vivyo hivyo, akagundua kosa lake kwenye kona. Salama yake ni gia ndogo tangu juu, mwendo wa kutambaa, na mguu mwepesi kwenye breki.

Historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi juu ya nguvu za tope. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani ndani ya masika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho wa safari. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, naye alitumia Peugeot 404, gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Hapana shaka kwamba mashine na matairi vilimsaidia. Lakini ujuzi wa kuisoma barabara ulikuwa na sehemu kubwa.

Namna ya kuchagua

Arusha yenyewe iliwahi kuwa mji wa matairi. Kiwanda cha General Tyre kilianzishwa hapo mwaka 1969, kikahudumia nchi kwa miongo kadhaa, kisha kikasimamisha uzalishaji mwaka 2009. Siku hizi matairi yauzwayo mjini hutoka mbali, na mengi hayakubuniwa na mtu aliyewahi kuiona njia ya Meru wakati wa mvua. Mnunuzi hana budi kuwa na maarifa yake mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kujiuliza gari hutembea wapi zaidi. Mwalimu akaaye Tengeru na kufanya kazi mjini, ambaye hupanda kwa wazazi mara moja kwa mwezi, hutembea karibu siku zote juu ya lami. Huyo anafaa matairi ya kawaida ya barabara, yenye mifereji yenye kina, na siku ya mvua kubwa aliache gari chini apande kwa miguu. Mwenye gari la kubeba maziwa apandaye kila alfajiri anahitaji matairi ya mchanganyiko, yenye meno ya wastani yaliyo wazi mabegani, ambayo huvumilia lami na kujitahidi kwenye tope. Matairi ya tope yenye meno makubwa kabisa yanamfaa yule ambaye siku zake nyingi huishia porini au shambani. Kwenye lami iliyolowa hayo nayo hushika vibaya, hupiga kelele na huisha haraka.

Jambo la pili ni upana. Mahali penye tope jembamba juu ya ardhi ngumu, kama zilivyo njia nyingi zilizotiwa changarawe, tairi jembamba hulikata tope na kuifikia changarawe. Mahali penye tope la kina lisilo na mwisho, tairi pana huelea vizuri zaidi. Vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji wa gari visivukwe kwa ajili ya urembo.

La tatu ni umri na kina. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, ukakauka na kupasuka. Kuhusu kina, nchi nyingi hukataza tairi lenye mifereji iliyopungua milimita 1.6, kwa mvua za Meru ni busara kubadili yabakiapo milimita 3. Kijiti cha kiberiti kikisimamishwa ndani ya mfereji, kikawekwa alama kwa ukucha na kupimwa kwa rula ya mwanafunzi, chatosha kutoa jibu.

La nne ni upepo. Kwenye tope laini, kupunguza upepo kutoka pauni 30 hadi 20 hivi hulifanya tairi litandaze kiganja chake na kushika eneo kubwa zaidi. Lakini upepo huo lazima urudishwe mara tu gari lifikapo barabara kuu, kwa kuwa tairi lisilojaa hupata joto likienda kasi na laweza kupasuka. Asiye na pampu garini asipunguze. Minyororo ya kuvika magurudumu nayo husaidia mahali pabaya sana, iwapo itavishwa kabla gari halijazama na kuvuliwa kabla ya lami.

La mwisho ni kwamba matairi manne yawe ya aina moja. Kuweka mapya mawili yenye meno mbele na kuacha vipara nyuma ni kulifanya gari livute vizuri na kugeuka lenyewe kwenye mteremko.

Mwenye gari aliyekwisha kufika nyumbani na matairi yenye alama ya mlima na theluji asiyatupe leo usiku kwa hofu. Aende polepole, asipakie kupita kiasi, na aanze kuweka akiba ya kuyabadili kabla ya Machi.